Masini Inapozimika Ghafla: Historia ya Prosesa Zilizokosea na Watu Waliolaumiwa Bure

Katika vibanda vya kupiga chapa na fotokopi, katika radio za jamii, kwenye ofisi ndogo zinazoandika majina ya familia zilizokimbia vita, jambo moja hutokea mara kwa mara. Kompyuta inafanya kazi vizuri, kisha kioo kinageuka bluu, maandishi meupe yanatokea, na kazi ya saa tatu inapotea. Papo hapo mashtaka yanaanza. Wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyekuwa ameketi mbele ya masini: "Umebonyeza nini?" Wa pili ni virusi. Wa tatu ni Windows, ambayo fundi anaifuta na kuiweka upya kwa malipo. Wiki moja baadaye masini inazimika tena, na mashtaka yanaanza upya.

Kuna mshtakiwa wa nne ambaye ni nadra kuitwa barazani. Huyo ni prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Watu wengi huamini kwamba masini haikosei hesabu, anayekosea ni mtu. Historia inasema kwamba prosesa na kumbukumbu yake hukosea pia, na kwamba kila mara zilipokosea, mtu fulani alilaumiwa kwanza bila hatia.

Habari hii inawagusa hata wasiomiliki kompyuta. Mama aliyekimbia kutoka Masisi, anayesimama kwenye mstari wa unga na kuambiwa kwamba masini haina jina lake, anahukumiwa na hesabu ambayo hawezi kuiona. Ni vizuri ajue kwamba hesabu hiyo nayo inaweza kukaguliwa.

Mwanzo: hasira ya mwisho wa juma

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mtaalamu wa hesabu Richard Hamming alifanya kazi katika maabara za Bell, nchini Marekani. Masini ya wakati ule ilikuwa kubwa, yenye swichi nyingi za umeme zinazofunguka na kufunga. Hamming aliiachia kazi zake ziendelee Jumamosi na Jumapili, wakati hakuna mhudumu. Jumatatu alikuta hakuna jibu. Masini ilikuwa imegundua kosa ndani yake yenyewe, ikaitupa kazi yake na kwenda kwenye kazi ya mtu mwingine.

Alijiuliza: kama masini inaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi, ikalisahihisha? Mwaka 1950 alichapisha jibu lake. Wazo lake linafanana na kazi ya karani mwangalifu. Karani haandiki tu mifuko iliyoingia. Anaandika jumla ya kila mstari na jumla ya kila safu. Mfuko mmoja ukiandikwa vibaya, mstari mmoja na safu moja zitakataa kulingana, na pale zinapokutana ndipo kosa lilipo. Hadi leo kumbukumbu za kompyuta kubwa, zile za benki na za hospitali, zinatumia njia iliyotoka kwenye wazo hilo. Kompyuta nyingi za kawaida hazina ulinzi huo, kwa sababu unaongeza bei.

Udongo na mbingu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Intel ilikuwa na tatizo la ajabu. Vipande vyake vya kumbukumbu vilibadilisha namba bila sababu. Ndani ya kompyuta kila kitu huandikwa kwa biti, yaani 0 au 1. Biti iliyokuwa 0 iligeuka 1, kisha kipande hichohicho kikapimwa na kukutwa kizima kabisa. Hakuna kilichoungua wala kuvunjika.

Wataalamu wawili wa Intel, Timothy May na Murray Woods, ndio waliopata chanzo. Kauri iliyotumika kufunika vipande hivyo ilikuwa na chembe kidogo sana za urani na thori. Madini haya hutoa mnururisho, na chembe moja ya mnururisho ikipita ndani ya kumbukumbu inaweza kugeuza biti moja. Kosa lilikuwa katika udongo wa kifuniko. Mwaka 1979 watafiti wengine wawili, James Ziegler na William Lanford, walionyesha kwamba hatari inatoka pia juu: miale ya anga inayoifikia dunia kila wakati inaweza kufanya vilevile.

Tangu hapo mafundi walijua kwamba kuna makosa ya aina mbili. Kuna kosa linalotoka kwenye kipande kilichoharibika, ambalo litarudi tena na tena. Na kuna kosa linalopita kama upepo, mara moja, lisiache alama. Fundi asiyetofautisha haya mawili atabadilisha kipande kizima na kuacha kile kibovu.

Profesa aliyejishuku mwenyewe kwanza

Kesi iliyoifanya dunia nzima isikie neno prosesa ilianza mwaka 1994. Thomas Nicely alikuwa profesa wa hesabu katika chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa akihesabu namba tasa kwa kompyuta kadhaa kwa pamoja. Mwezi wa Juni aliona kwamba jibu halilingani na lile lililojulikana.

Nicely hakukimbilia kumlaumu mtengenezaji. Alianza kwa kujishuku mwenyewe, akakagua programu aliyoiandika. Kisha akaishuku programu iliyoitafsiri kazi yake kwa lugha ya masini. Kisha akavishuku vipande vingine vya kompyuta, kimoja baada ya kingine. Alipeleka hesabu ileile kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani zaidi, aina ya 486, akapata jibu sahihi. Aliipeleka kwenye kompyuta nyingine yenye prosesa mpya ya Pentium, akapata kosa lilelile. Ilimchukua miezi, hadi Oktoba, kufuta washukiwa wote na kubaki na mmoja tu.

Tarehe 30 Oktoba 1994 aliwaandikia watu kadhaa wa fani yake, na habari ikaenea haraka. Mtu yeyote aliweza kuijaribu: gawanya 4195835 kwa 3145727. Jibu sahihi linaanza na 1.3338. Pentium yenye kasoro ilitoa 1.3337. Chanzo kilikuwa jedwali lililowekwa ndani ya prosesa ili kuharakisha kugawanya: nafasi 5 ambazo zilipaswa kujazwa ziliachwa tupu.

Baadaye ilijulikana kwamba wahandisi wa Intel wenyewe walikuwa wamekwisha kuiona kasoro hiyo mwaka uleule. Kampuni ilisema kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000, na kwamba anayetaka prosesa nyingine aonyeshe kwanza kuwa anaihitaji. IBM, iliyouza kompyuta zenye prosesa hiyo, ilipiga hesabu yake: mtu anayefanya kazi za mahesabu angeweza kukutana nalo kila baada ya siku 24. Mwezi wa Desemba IBM ilisimamisha kuuza masini hizo. Tarehe 20 Desemba Intel ilikubali kumbadilishia prosesa kila atakayeomba, bila maswali. Gharama yake ilikuwa dola milioni 475.

Pesa hizo ni nyingi, lakini kwa wakaaji wa kawaida somo liko kwenye utaratibu wa Nicely. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Hakuitangaza kasoro mpaka alipoiona kwenye masini zaidi ya moja. Alipoambiwa kwamba kosa ni dogo, hakurudi nyuma, kwa sababu alikuwa na mfano ambao mtu yeyote angeweza kuujaribu mwenyewe.

Kwa nini kioo kinageuka bluu

Katika miaka hiyo ya 1990 prosesa zilianza kujikagua zenyewe. Prosesa inapoona kosa ndani yake, kwenye kumbukumbu yake ndogo au kwenye njia za kupitisha data, inaliandika mahali maalumu na kuujulisha mfumo wa uendeshaji, yaani Windows, Linux au mwingine. Kosa likiwa dogo linasahihishwa na kazi inaendelea. Likiwa haliwezi kusahihishwa, mfumo unasimamisha kila kitu.

Hapo watu wengi hukosea kuelewa. Kioo cha bluu huonekana kama adui, kumbe mara nyingi ni mlinzi. Mfumo umeona kwamba hauwezi tena kuamini hesabu zake, kwa hiyo unaona heri kuzimika kuliko kuandika uongo kwenye daftari. Mhasibu mwaminifu ambaye macho yameanza kumsumbua hufunga kitabu. Haendelei kukisia namba.

Mlinzi huyo huacha ujumbe. Katika Windows za zamani kama XP, kosa la prosesa lilionekana kwa namba 0x0000009C. Tangu Windows Vista linaonekana kwa namba 0x124 na maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Katika Linux huonekana maneno "mce" au "Hardware Error". Aliyezima masini haraka bila kusoma ametupa ushahidi. Siku hizi simu yenye kamera inatosha: piga picha ya kioo kwanza.

Kura 4,096 ambazo hakuna aliyezipiga

Tarehe 18 Mei 2003, Wabelgiji walipiga kura. Huko Schaerbeek, katika mji wa Brussels, walitumia kompyuta. Usiku wa kuhesabu, mgombea mmoja alikuwa na kura nyingi kuliko zilizowezekana kwa orodha ya chama chake. Kadi zilisomwa upya. Hesabu ya pili ilionyesha kwamba kura za ziada zilikuwa 4,096 kamili.

Namba hiyo iliwafungua macho wataalamu. Ndani ya kompyuta kila biti ina thamani mara mbili ya iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, 16, na kuendelea. Ya kumi na tatu ni 4,096. Programu ilichunguzwa na hakuna kosa lililopatikana. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja, ya kumi na tatu, ilijigeuza yenyewe kutoka 0 kuwa 1, labda kwa sababu ya mwale wa anga. Hakuna aliyethibitisha mwale huo, kwa kuwa kosa la aina hii haliachi alama.

Wakongomani nao walianza kutumia mashine ya kupigia kura katika uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Kisa cha Schaerbeek hakisemi kwamba mashine zote ni za kutupwa. Kinaonyesha kwamba kosa liligunduliwa kwa sababu mbili: mtu aliuliza kama namba hiyo inawezekana, na kadi zilikuwepo za kuhesabu tena. Kama kura zingekuwa ndani ya kompyuta tu, au kama kosa lingekuwa kura 64 badala ya 4,096, labda hakuna ambaye angejua.

Masini inayosema uongo bila kuzimika

Kuna hali mbaya kuliko kuzimika. Mwaka 2021 watafiti wa Facebook walieleza tatizo walilolikuta katika vituo vyao vya data. Baadhi ya mafaili yalipotea, na hakuna masini iliyolalamika. Programu ilipofungua faili iliuliza ukubwa wake, na prosesa moja ilijibu sifuri. Programu ikaamini kwamba faili ni tupu. Walipochimba sana walifikia hesabu moja ambayo jibu lake ni 156, lakini sehemu moja tu ya prosesa moja ilitoa 0. Hesabu nyingine nyingi ilizifanya vizuri. Mwaka huohuo watafiti wa Google nao waliandika kwamba walikuwa wanakuta prosesa chache za namna hiyo katika kila maelfu ya masini zao.

Kampuni hizo zina maelfu ya wahandisi, na bado iliwachukua muda mrefu. Ofisi yenye kompyuta moja haiwezi kufanya uchunguzi kama huo. Inachoweza kufanya ni kutoitegemea masini moja kwa jambo linalohusu maisha ya watu.

Wachezaji walioambiwa ni kosa lao

Kesi ya karibuni zaidi ilihusu prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zile za nguvu kubwa za kompyuta za mezani. Katika mwaka 2023 na 2024, watu waliocheza michezo ya kompyuta walianza kuona programu zikifungwa ghafla. Ujumbe ulisema kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi, na kwa wengi haikuwa kweli. Wengine walilaumu michezo, wengine kadi za picha, wengine wakanunua kadi mpya bure. Watengenezaji wa programu ya kufungua mafaili ya michezo ndio waliotangaza mwanzoni mwa 2024 kwamba programu yao haina kosa, bali prosesa zilikuwa zinahesabu vibaya.

Mwezi wa Julai 2024 Intel ilikubali kwamba prosesa hizo zilikuwa zinaomba volteji kubwa kuliko inavyofaa, kwa sababu ya kosa katika maikrokodi, yaani maagizo madogo yaliyo ndani ya prosesa. Volteji hiyo ilizichosha polepole. Marekebisho yalitolewa kuanzia Agosti 2024, na muda wa dhamana ukaongezwa kwa miaka miwili. Lakini marekebisho huzuia tu madhara mapya. Prosesa iliyokwisha kudhurika haiponi, inabadilishwa. Anayenunua kompyuta ya mkono wa pili yenye prosesa za aina hiyo aulize kwanza kama marekebisho yamewekwa.

Namna ya kutafuta kosa bila kumlaumu mtu

Ukweli lazima usemwe: mara nyingi masini inayozimika haina prosesa mbovu. Joto, vumbi, umeme usiotulia, kumbukumbu iliyochakaa na programu mbaya ndivyo vinavyoongoza. Prosesa haihukumiwi mpaka hao wengine wamefutwa, kama alivyofanya Nicely. Utaratibu ni huu.

Kwanza, okoa data. Nakili mafaili muhimu kwenye kifaa kingine kabla ya jaribio lolote. Kuiweka Windows upya kabla ya hapo ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya.

Pili, andika. Tarehe, saa, namba iliyotokea kwenye kioo, kazi iliyokuwa inafanyika, na kama ilikuwa umeme wa kawaida au jenereta. Baada ya mara tatu au nne, daftari litaanza kusema lenyewe. Kama inazimika saa za joto tu, au jenereta inapowashwa tu, jibu liko karibu.

Tatu, safisha. Katika mji wenye vumbi la volkeno kama Goma, feni huziba upesi. Toa vumbi, angalia kama feni inazunguka, na kama dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa haijakauka.

Nne, jaribu kumbukumbu. Programu ya bure ya Memtest86+ huwashwa kutoka kwenye fleshi, bila Windows, na kuachwa ifanye kazi usiku mzima. Kama kuna vipande viwili vya rami, toa kimoja, jaribu, kisha badilisha.

Tano, soma daftari la masini yenyewe. Katika daftari la matukio la Windows tafuta jina WHEA-Logger. Katika Linux tumia amri ya dmesg. Kosa likitajwa mara kwa mara kwenye sehemu ileile ya prosesa, ushahidi unaanza kuwa mzito.

Sita, washa kompyuta kwa mfumo mwingine kutoka kwenye fleshi. Ikizimika hata hapo, Windows haina hatia. Mwishowe, kama inawezekana, hamishia prosesa kwenye masini nyingine nzima. Kosa likiifuata, mshtakiwa amepatikana.

Gharama ya hatua hizo ni subira tu, na kila moja inamwondolea lawama mtu au kipande kisicho na hatia.

Hesabu inayoweza kurudiwa

Kuna kitu ambacho wakaaji wa Masisi wanakijua kuliko wahandisi wengi. Vipo vipande vidogo vya kutuliza umeme ndani ya vifaa vya elektroniki ambavyo hutengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka kwenye koltani, ile inayochimbwa Rubaya. Wengi waliokimbia vita wamebeba kwa mikono yao madini yanayosaidia masini za dunia kutulia, kisha wamejikuta majina yao yakitafutwa ndani ya masini hizohizo.

Wana haki ya kuomba kile walichokuwa nacho wapiga kura wa Schaerbeek: karatasi ya kulinganisha. Ofisi inayoandika familia ichapishe orodha kila siku na kuihifadhi. Familia itunze kadi au jetoni yake. Kiongozi wa kambi awe na nakala. Masini ikisema familia 312 wakati jana zilikuwa 340, na hakuna aliyeondoka, swali la kwanza lisiwe nani amedanganya. Hesabu irudiwe kwanza, kwa karatasi, mbele ya watu.

Hamming alidai masini iseme kosa liko wapi. Nicely alidai ijaribiwe mbele ya nyingine. Wahesabu kura wa Schaerbeek walizirudia kadi. Wote watatu waliikataa namba moja iliyotoka kwenye masini moja, na mama aliye kwenye mstari wa unga anaweza kudai vivyo hivyo.